Nyufa za Antaktika: Setilaiti zinauona ufa, siku ya kumeguka bado ni fumbo

Na Mwandishi Wetu

JUMAPILI ya Januari 22, 2023, kipande cha barafu chenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,550 kilimeguka kutoka ukingoni mwa bara la Antaktika, kwenye ncha ya kusini ya dunia, na kuanza kuelea baharini. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ukubwa huo unakaribia ule wa Kisiwa cha Unguja.

Barafu hiyo ilikuwa sehemu ya bamba kubwa linaloitwa Brunt. Juu ya bamba hilo hilo kipo kituo cha utafiti cha Halley, kinachomilikiwa na Uingereza, na siku hiyo kilikuwa na watu wapatao 20. Hakuna aliyedhurika, wala hakuna aliyelazimika kukimbia. Kituo kilikuwa kimekwisha kuhamishwa miaka sita kabla, baada ya picha za setilaiti na vipimo vilivyochukuliwa juu ya barafu yenyewe kuonyesha kuwa ufa uliolala kwa miongo kadhaa ulikuwa umeamka.

Tukio hilo lilitajwa katika vyombo vya habari kwa siku mbili tatu, kisha likasahauliwa. Hata hivyo, limebeba jambo zito linalostahili kuchambuliwa. Binadamu wa leo anao uwezo wa kuuona ufa katika barafu akiwa umbali wa kilomita 700 angani, lakini hana uwezo wa kutaja siku ambayo ufa huo utaimegua barafu. Kati ya kuona na kujua ipo nafasi, na namna serikali na wanasayansi wanavyoitumia nafasi hiyo ndiyo inayoamua usalama wa watafiti walioko huko na, kwa njia ndefu zaidi, hatima ya pwani zilizo mbali na Antaktika, ikiwamo ya kwetu.

Gogo lililoegemezwa mlangoni

Ili kuelewa uzito wa nyufa hizi, ni vema kwanza kufahamu bamba la barafu ni kitu gani. Antaktika imefunikwa na barafu ambayo unene wake kwa wastani unafikia kilomita mbili hivi. Barafu hiyo haikai tuli. Kwa uzito wake yenyewe hutiririka polepole kuelekea baharini, kwa mfano wa mito, na ndiyo maana sehemu zinazotiririka kwa kasi huitwa mito ya barafu. Inapofika baharini haimeguki mara moja, bali huendelea kusonga mbele ikielea juu ya maji huku bado imeshikamana na ile iliyoko nchi kavu. Sehemu hiyo inayoelea ndiyo bamba la barafu, na unene wake unaweza kuwa mamia ya mita.

Kwa kuwa bamba tayari linaelea, kuyeyuka kwake peke yake hakuongezi kina cha bahari kwa kiasi cha kutajika, kama ambavyo kipande cha barafu ndani ya glasi ya maji hakiifurishi glasi kinapoyeyuka. Hatari iko nyuma yake. Bamba lililobanwa na kingo za ghuba au lililoegemea miamba ya chini ya bahari hufanya kazi ya gogo lililoegemezwa mlangoni: huuzuia mto wa barafu ulio nyuma yake usishuke kwa kasi. Gogo likiondoka, mlango hufunguka, na barafu iliyokuwa nchi kavu huingia baharini. Hiyo ndiyo inayoongeza kina cha bahari duniani kote.

Ushahidi wa jambo hilo ulipatikana mwaka 2002. Kati ya mwisho wa Januari na mwanzoni mwa Machi mwaka huo, bamba lililoitwa Larsen B, upande wa mashariki wa Rasi ya Antaktika, lilipoteza eneo la kilomita za mraba 3,250 katika muda wa siku 35 hivi. Tafiti za mashapo ya chini ya bahari zilionyesha baadaye kuwa bamba hilo lilikuwa limedumu kwa takriban miaka 10,000.

Setilaiti ya Marekani iitwayo Terra ilipiga picha za kusambaratika huko hatua kwa hatua. Katika picha za kabla ya tukio yalionekana madimbwi mengi ya maji yaliyotokana na joto la kiangazi. Maji ni mazito kuliko barafu, kwa hiyo yanapojaa ndani ya ufa huusukuma kwenda chini hadi bamba lipasuke kutoka juu hadi chini. Baada ya Larsen B kuondoka, mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake iliongeza mwendo mara kadhaa kuliko awali. Tangu hapo wanasayansi hawakuwa tena na shaka kuwa kufuatilia nyufa za mabamba ni sawa na kufuatilia afya ya bara zima.

Nyufa tatu, kalenda tatu

Hakuna mahali ambapo somo la nyufa limefundishwa kwa uwazi kama katika bamba la Brunt. Uingereza imekuwa na kituo hapo tangu mwaka 1956, na vipimo vilivyochukuliwa Halley ndivyo vilivyowawezesha wanasayansi Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin kutangaza mwaka 1985 kuwa tabaka la ozoni juu ya Antaktika lilikuwa likipungua kupita kiasi. Si kituo cha kuachwa hivi hivi.

Katika bamba hilo ulikuwapo ufa mkubwa uitwao Chasm-1, ambao kwa takriban miaka 35 haukusogea. Mwaka 2012 picha za setilaiti zilianza kuonyesha dalili za mabadiliko. Ufa ulianza kurefuka kuelekea upande ambao ungekitenga kituo na bara. Kwa bahati njema, kituo cha sasa kimejengwa kwa vyumba vilivyosimama juu ya miguu mirefu yenye vyuma vya kutelezea juu ya theluji, na hivyo kinaweza kukokotwa. Katika msimu wa kiangazi cha huko wa 2016 na 2017, vyumba hivyo vilivutwa kwa matrekta umbali wa kilomita 23 kuelekea bara.

Kabla kazi hiyo haijakamilika, ufa wa pili uligunduliwa. Kwa kuwa ulionekana Oktoba 31, 2016, ulipewa jina la Halloween, sikukuu inayoangukia tarehe hiyo. Sasa kituo kilikuwa katikati ya nyufa mbili. Januari 2017, taasisi ya British Antarctic Survey inayokiendesha iliamua kuwa hakuna mtu atakayebaki hapo wakati wa majira ya baridi. Sababu yake ilikuwa rahisi kueleweka. Katika miezi hiyo jua halichomozi kwa wiki nyingi na kuwafikia watu kwa ndege ni jambo la hatari kubwa. Endapo barafu ingemeguka, kuwaokoa kungekuwa kugumu mno. Tangu wakati huo kituo kimekuwa kikikaliwa na watu wakati wa kiangazi tu, na mitambo inayojiendesha imekuwa ikiendelea kuchukua vipimo wakati wa baridi.

Je, nini kilifuata? Ufa uliokuwa ukiogopwa haukumegua barafu mwaka 2017, wala 2018, wala 2019. Badala yake, Novemba 2020 ulijitokeza ufa wa tatu, upande wa kaskazini, ambao haukuwa chanzo cha kuhamishwa kwa kituo. Huo ulikimbia. Januari 2021 ulikuwa ukirefuka kwa karibu kilomita moja kwa siku, na Februari 26, 2021, kisiwa cha barafu cha kilomita za mraba 1,270 kilijitenga. Chasm-1 ulisubiri hadi Januari 2023. Halloween ulisubiri hadi Mei 20, 2024, ulipomegua kisiwa kidogo zaidi cha kilomita za mraba 380.

Kwa maneno mengine, katika bamba moja, chini ya uangalizi wa wataalamu wale wale na setilaiti zile zile, ufa mmoja ulichukua zaidi ya miaka kumi tangu kuamka hadi kumegua, mwingine ulichukua zaidi ya miaka saba, na mwingine ulichukua takriban miezi mitatu. Zote tatu zilionekana. Hakuna hata mmoja uliotabiriwa kwa tarehe.

Jicho linaloona gizani

Uwezo huo wa kuona haukupatikana kwa siku moja. Picha za kwanza za mfululizo zilitokana na setilaiti za Landsat za Marekani, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 1972. Hizo hupiga picha kwa mwanga wa jua, sawa na kamera ya kawaida. Jua linapokuwa chini karibu na upeo wa macho, ukingo wa ufa hutupa kivuli, na kivuli hicho ndicho kinachouonyesha ufa juu ya weupe usio na mwisho.

Upungufu wa njia hiyo uko wazi. Mawingu hufunika Antaktika mara kwa mara, na wakati wa baridi hakuna jua. Aidha, theluji inayopeperushwa na upepo huweza kutandaza daraja jembamba juu ya ufa, nao usionekane kabisa kutoka juu. Mtu anayetembea hapo anaweza kutumbukia, na picha ya kawaida isingemwonya.

Suluhisho lilikuwa rada. Setilaiti ya rada haingoji jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe chini, kisha hupokea mwangwi unaorudi. Mawimbi hayo hupenya mawingu, huenda sawasawa mchana na usiku, na katika theluji kavu hupenya hata chini ya uso, kiasi kwamba ufa uliofunikwa huweza kuonekana. Umoja wa Ulaya na Shirika la Anga la Ulaya, ESA, walirusha setilaiti ya Sentinel-1A Aprili 2014 na pacha wake Sentinel-1B Aprili 2016. Zikiwa mbili, ziliweza kurudia njia ile ile kila baada ya siku sita.

Faida yake ilidhihirika mwaka 2017 katika bamba la Larsen C. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea, wakiongozwa na Profesa Adrian Luckman, walikuwa wakifuatilia ufa uliokuwa umefikia urefu wa takriban kilomita 200. Kati ya Mei 25 na Mei 31 ufa huo uliruka kilomita 17 kwa mkupuo, ukabakiza kilomita 13 tu kufika ukingoni. Kisha, kati ya Julai 10 na 12, katikati ya giza la majira ya baridi, kisiwa cha barafu cha kilomita za mraba 5,800 kilijitenga. Hicho kilikuwa kikubwa zaidi ya mara tatu ya Unguja. Bila rada na vipimo vya joto kutoka angani, dunia ingesubiri jua lirudi ndipo ijue kuwa ramani ya Antaktika imebadilika.

Rada ina uwezo mwingine ambao ni wa ajabu zaidi. Picha mbili za eneo moja, zilizopigwa kwa siku tofauti, zikilinganishwa wimbi kwa wimbi, huonyesha ni kwa kiasi gani uso wa barafu umesogea, hata kwa sentimita chache. Matokeo huchorwa kama milia ya rangi inayofuatana juu ya ramani. Barafu ikiwa nzima, milia hupita bila kukatika. Mahali penye ufa milia hukatika ghafla, kwa sababu upande mmoja unasogea tofauti na mwingine. Kwa njia hiyo ncha ya ufa, ambayo upana wake haujatosha kuonekana kwa jicho, hutambuliwa mapema.

Vilevile, tangu Septemba 2018 setilaiti ya ICESat-2 ya Shirika la Anga la Marekani, NASA, imekuwa ikipima kimo cha barafu kwa miali ya leza. Picha huonyesha ufa unakopita, na leza husaidia kuonyesha jinsi ulivyoshuka chini ya uso.

Akili mnemba yaingia kazini

Tatizo lililofuata lilikuwa la wingi. Antaktika ni kubwa kuliko Ulaya, na nyufa zake hazihesabiki. Mtaalamu anayeketi mbele ya kompyuta akichora ufa mmoja mmoja kwa mkono hawezi kumaliza picha za wiki moja kabla ya nyingine kufika. Aidha, wataalamu wawili wakipewa picha moja hawachori mstari ule ule.

Ndipo akili mnemba ilipoitwa kusaidia. Kompyuta huonyeshwa maelfu ya mifano ambayo binadamu amekwisha kuitia alama, hadi ijifunze kutofautisha ufa na mikunjo ya kawaida ya barafu. Mwaka 2020, kundi la watafiti lililoongozwa na Ching-Yao Lai lilichapisha katika jarida la Nature ramani ya nyufa za mabamba ya Antaktika iliyotengenezwa kwa njia hiyo. Hitimisho lao lilishtua: takriban asilimia 60 ya eneo la mabamba linalozuia mito ya barafu liko katika hali ya kuweza kupasuliwa iwapo maji ya kuyeyuka yatajaa ndani ya nyufa, kama ilivyokuwa Larsen B.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds nao walitumia mbinu ya aina hiyo kwa picha za Sentinel-1 katika mto wa barafu wa Thwaites. Waligundua kuwa kuongezeka na kupungua kwa nyufa katika sehemu inayoelea kulikwenda sambamba na kubadilika kwa mwendo wa barafu. Ufa, kwa hiyo, si alama tu ya kilichokwisha kutokea. Ni sehemu ya mtambo wenyewe.

Kuona si kujua

Pamoja na mafanikio hayo yote, ipo mipaka ambayo haitavukwa kwa kuongeza setilaiti peke yake.

Mpaka wa kwanza ni muda. Mwaka 2012 ufa ulifunguka katika bamba la mto wa barafu wa Pine Island. Watafiti waliounganisha picha za rada na rekodi za mitambo ya kupima mitetemo walieleza mwaka 2024 kuwa ufa huo ulipasuka kilomita 10.5 katika muda wa dakika tano na nusu hivi, kwa kasi ya mita 35 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 120 kwa saa, kasi ambayo basi la mikoani likiifikia askari wa usalama barabarani hulisimamisha. Setilaiti inayopita kila baada ya siku 6 au 12 hukuta jambo limekwisha. Huonyesha jana na leo, lakini si dakika ile.

Mpaka wa pili ni kina. Picha huonyesha uso, ilhali bamba huliwa pia kutoka chini na maji ya bahari yenye uvuguvugu. Nyufa zinazoanzia chini hufika juu zikiwa zimekomaa.

Mpaka wa tatu ni tafsiri. Si kila ufa ni mtoto wa ongezeko la joto duniani. Mabamba humegeka kwa kawaida, kama kucha zinavyokua na kukatwa. British Antarctic Survey yenyewe ilieleza kuwa matukio ya Brunt ya mwaka 2021 na 2023 hayakutokana na mabadiliko ya tabianchi. Wanaotumia kila kisiwa cha barafu kinachojitenga kuwa ushahidi wa maangamizi wanawapa silaha wale wanaokataa kuwa dunia inapata joto. Kwa upande mwingine, wanaosema kuwa kumeguka ni jambo la kawaida tu wanasahau Larsen B, ambayo haikumegeka kwa kawaida, bali ilisambaratika.

Hapo ndipo jina la Thwaites linaporejea. Mto huo wa barafu, ulio magharibi mwa Antaktika, una upana wa kilomita 120 hivi na unachangia takriban asilimia 4 ya ongezeko la sasa la kina cha bahari duniani. Ukiporomoka wote, kina hicho kitaongezeka kwa sentimita 65 hivi, ingawa jambo hilo huhesabiwa kwa karne na si kwa miaka. Desemba 2021 wanasayansi wa Marekani na Uingereza wanaoshirikiana kuuchunguza walionyesha picha za setilaiti zenye nyufa zinazokata bamba lake la mashariki, wakaonya kuwa linaweza kuvunjika katika muda wa miaka mitano au zaidi kidogo. Hilo lilikuwa onyo la tahadhari na si tarehe ya kalenda. Yeyote aliyefuatilia kisa cha Brunt hawezi kulidharau wala kulishikilia kama saa ya ukutani.

Jicho lina gharama

Swali la kujiuliza ni je, nani analipia kuona huku?

Desemba 23, 2021, Sentinel-1B ilipata hitilafu katika mfumo wake wa umeme na haikutuma tena picha. Mwaka uliofuata ESA ilitangaza kuwa imeshindikana kuitengeneza. Kwa karibu miaka mitatu rada ya Ulaya ilibaki na jicho moja, na muda wa kurudia njia ukapanda kutoka siku 6 hadi 12. Mrithi wake, Sentinel-1C, alirushwa Desemba 2024. Katika kipindi hicho barafu haikusimama kungoja, kwani ndimo bamba la Conger, la kilomita za mraba zipatazo 1,200, liliposambaratika Machi 2022 mashariki mwa Antaktika.

Julai 30, 2025, India na Marekani zilirusha kwa pamoja setilaiti ya rada ya NISAR kutoka kituo cha Sriharikota, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuangalia barafu ya Antaktika. Hiyo ni habari njema, na inaonyesha kuwa kazi hii si ya mataifa ya Magharibi peke yake. Lakini mwaka huo huo serikali ya Marekani ilipendekeza kupunguza karibu nusu ya bajeti ya sayansi ya NASA. Mapendekezo ya namna hiyo hupita bungeni na yanaweza kukataliwa, ila yanakumbusha kuwa mfululizo wa picha ulioanza mwaka 1972 unategemea kura za wanasiasa. Ufa hupimwa kwa kulinganisha picha ya leo na ya zamani. Picha ambayo haikupigwa leo haiwezi kununuliwa kesho kwa fedha yoyote.

Pwani yetu inahusikaje?

Wapo watakaouliza mkazi wa Kigamboni au Lamu anahusikaje na ufa ulio ncha ya dunia. Jibu liko katika ripoti ya jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, ya mwaka 2021. Jopo hilo lilikadiria kuwa kufikia mwaka 2100 kina cha bahari kinaweza kuongezeka kati ya sentimita 28 na mita moja hivi, kutegemea gesi zinazomwagwa angani. Likaongeza kuwa ongezeko linalokaribia mita mbili haliwezi kuondolewa kabisa katika hesabu, kwa kuwa namna barafu kubwa inavyoporomoka haijafahamika vya kutosha. Tofauti hiyo kubwa kati ya makadirio ya chini na ya juu kwa sehemu kubwa imejificha ndani ya nyufa tunazozizungumzia.

Zaidi ya hapo, barafu kubwa ya Antaktika huvuta maji ya bahari kuielekea kwa nguvu ya uvutano. Barafu hiyo ikipungua, maji yaliyokuwa yamevutwa hurudi yalikotoka. Kwa sababu hiyo, bahari zilizo mbali nayo, zikiwamo za tropiki, hupata ongezeko kubwa kuliko lile la maeneo yaliyo karibu na barafu yenyewe.

Dar es Salaam tayari ina ukuta wa bahari kando ya Barabara ya Barack Obama, uliokamilika mwaka 2018, na mjini Mombasa ukuta umejengwa kuilinda Fort Jesus. Ni kweli kwamba mmomonyoko wa fukwe zetu una sababu nyingine pia, ukiwamo uchimbaji wa mchanga na ukataji wa mikoko. Lakini mhandisi anayepanga ukuta wa miaka 80 ijayo lazima aandike namba moja ya urefu, na hawezi kuipata namba hiyo bila kujua Thwaites inaelekea wapi.

Kwa bahati njema, picha zenyewe si siri. Za Landsat zimekuwa zikitolewa bure tangu mwaka 2008, na za Sentinel hutolewa bure pia kwa yeyote mwenye intaneti na ujuzi wa kuzisoma. Rada zile zile zinazopita juu ya Antaktika hupita pia juu ya Rufiji na Tana, na zinaweza kuonyesha maji ya mafuriko yalikofika hata mawingu yakiwa yametanda. Mwanafunzi anayefundishwa kuusoma ufa wa barafu anafundishwa pia kuisoma nchi yake. Hiyo ni hoja ambayo wizara za elimu na za mazingira za nchi zetu zingefaa kuizingatia zinapopanga mafungu ya vyuo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Antaktika methali hiyo imegeuka kuwa ngumu zaidi, kwani ufa wa huko hauzibiki. Udongo wake ni kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto, kazi ambayo mataifa makubwa yameifanya nusu nusu. Kilichobaki ni kufanya kama walivyofanya watu wa Halley: kuuona ufa mapema, kukubali kuwa siku yake haijulikani, na kusogea wakati bado kuna mwanga. Wao walianza kukifunga kituo majira ya baridi miaka sita kabla ya barafu kumeguka. Ilipomeguka, hakukuwa na mtu wa kuokolewa.